Balungi, Chapati na Kidonge cha Baba

Huku kwetu Eastlands mapenzi hupimwa kwa mafuta. Mgeni akija, chapati lazima ing'ae. Ukimpa iliyokauka atakusema kutoka mlangoni hadi stejini. Ukishuka matatu jioni kando ya Barabara ya Jogoo, kabla hujaruka mtaro harufu zimekwisha kukupokea: viazi karai vinachemka kwenye mafuta yaliyotumika tangu juzi, mutura inageuzwa juu ya makaa, chipsi zinachujwa, na mwenye matumbo anagongagonga kisu ubaoni kuita wateja. Mwenye pesa zake siku ya Jumamosi huenda Burma kula nyama. Asiye nazo hununua yai la kuchemsha na kachumbari, akasonga mbele.

Sisemi haya kwa dharau. Mimi nimelelewa kwa viazi karai na sioni haya kusema hivyo. Naanza hapo kwa sababu makala yangu yanahusu dawa, na dawa hainywewi hewani. Hunywewa na mtu aliyekula kitu asubuhi, akala kingine mchana, na usiku atakula tena.

Baba yangu ni fundi wa bati pale Kamukunji. Baadhi yenu hulala juu ya kazi ya mikono yake bila kujua, kwani yale masanduku ya bati yaliyo chini ya vitanda vyenu, yenye kufuli na majina yaliyoandikwa kwa rangi nyeupe, mengi hutoka huko. Hutengeneza pia majiko, karai na ndoo za kunyweshea maua. Ni mtu wa nguvu. Hajawahi kulazwa hospitali, na jambo hilo hulitaja kama mtu mwingine anavyotaja digrii yake.

Mwaka wa 2024, mwezi wa Machi, alipimwa shinikizo la damu kwenye kliniki moja ya hapa mtaani. Lilikuwa juu. Wakachukua damu pia, na majibu yakaja: lehemu, milimoli 7.1 kwa lita. Madaktari wengi hupenda jumla isizidi 5 hivi.

Hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili mtaniruhusu nichepuke kidogo. Lehemu ndilo neno nililolijua mimi, nikamwambia Baba kwa madaha ya mwanafunzi: "Baba, ile wanayoita kolesteroli, Kiswahili chake ni lehemu." Baba akacheka mpaka akashika ubavu. Kwake yeye lehemu ni ile madini anayoiyeyusha kila siku kuungia kingo za bati. "Kwa hivyo mimi nimejipiga lehemu ndani?" akauliza. Mama hakucheka. Ndugu yake Baba, tuliyemwita Baba Mdogo, alianguka kazini mwaka wa 2019 akiwa na miaka 49, na hakuamka tena. Tangu siku ile, Baba akishika kifua hata kwa kujikuna tu, Mama huacha analolifanya.

Hata hivyo kichekesho cha Baba kilikuwa na ukweli ndani yake. Lehemu ya mwilini nayo ni kitu cha kujengea. Kila seli inaihitaji katika utando wake, na mwili huitumia kutengeneza homoni na nyongo. Sehemu kubwa haitoki hata kwenye sahani. Ini lenyewe huitengeneza. Taabu huanza inapozidi kwenye damu na kujibandika katika kuta za mishipa, mwaka baada ya mwaka, hadi njia ya damu iendayo moyoni au kwenye ubongo inakuwa nyembamba kama mtaro uliojaa takataka. Fundi akimwaga lehemu nyingi mno kwenye mdomo wa birika, chai haitoki. Baba aliuelewa mfano huo mara moja.

Akaandikiwa simvastatini, miligramu 40, kidonge kimoja kila jioni. Dawa za ukoo huu huitwa statini, na historia yake inapendeza. Mjapani mmoja, Akira Endo, alikuwa akichunguza maelfu ya aina za kuvu akitafuta kitu cha kuzuia mwili usitengeneze lehemu. Mwaka wa 1973 yeye na wenzake walikipata katika kuvu iliyotokana na mchele wa Kyoto. Naam, ukungu wa mchele, ambao Mama angeutupa nje bila kufikiri mara mbili! Statini ya kwanza kuidhinishwa Marekani ilikuwa lovastatini, mwaka wa 1987. Endo alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 90, miezi michache tu baada ya Baba kuanza kunywa vidonge vilivyotokana na kazi yake.

Statini hukikamata kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengenezea lehemu. Ini likiona limepungukiwa, huanza kuivuta ile iliyo kwenye damu, na damu inasafika. Ini hufanya kazi hiyo zaidi usiku, na simvastatini haikai sana mwilini, ndiyo maana Baba aliambiwa ameze jioni. Nyingine kama atovastatini hudumu zaidi, saa yoyote ni sawa mradi mtu asisahau.

Sasa ndipo balungi lilipoingia nyumbani kwetu.

Balungi mnalijua: tunda la ukoo wa michungwa, kubwa kuliko chungwa, chachu, lenye uchungu kidogo mwishoni. Fundi mmoja jirani ya Baba kule Kamukunji alimweleza kwamba maji ya balungi huyeyusha mafuta mwilini. Alitoa na ushahidi. "Sufuria ikiwa na mafuta si unaisugua na limau? Basi! Tumbo ni sufuria." Ukiisikia haraka haraka ina akili. Baba akaanza kupitia Marikiti alfajiri kununua balungi, na kila asubuhi akakamua glasi moja kabla ya chai. Mama alifurahi, kwa sababu Baba na matunda hawakuwa wakisalimiana hapo awali. Sote tulifurahi. Nani atamkataza mzazi wake kula tunda?

Kufikia mwezi wa Julai, Baba alianza kulalamika miguu. Mwanzoni alisema ni baridi, na kweli Julai ya Nairobi si mchezo. Kisha mapaja yakawa yanauma kama ya mtu aliyepigwa rungu. Kuinuka kwenye kiti, lazima ashike meza. Nyundo aliyokuwa akiirusha juu na kuidaka akiringia wanagenzi wake, sasa akawa anaipumzisha kila baada ya mapigo machache. Majirani walileta utabibu wao: mmoja akasema ni umri, mwingine akasema ni kufanya kazi umechuchumaa, wa tatu akainamisha sauti na kuuliza kama Baba amegombana na mtu huko kwao mashambani.

Baba mwenyewe alifikia uamuzi wake. "Ni hizi tembe," alisema jioni moja. "Nilikuwa mzima. Wamenipa dawa, sasa siwezi kutembea. Mimi naziacha."

Mama akanyamaza. Nilijua anamfikiria Baba Mdogo.

Kumbe onyo lilikuwa ndani ya nyumba wakati huo wote, limekunjwa mara nane ndani ya pakiti ya dawa. Ile karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama mchwa. Kemisti aliyemuuzia Baba alimwambia tu "moja jioni" na kumpa chenji yake. Mama aliwahi kuikunjua hapo mwanzo, akaona tunda limetajwa kwamba lisitumiwe na dawa hiyo. Lakini jina la Kiingereza la balungi huanza na neno lilelile la zabibu. Mama akajua ni zabibu. Akaikunja tena akisema, "Tangu lini sisi tukanunua zabibu?" Mpaka leo namtetea. Nani aliyelipa tunda lile jina la zabibu, nalo halifanani nazo hata kidogo? Na kwa nini dawa inayouzwa Jogoo Road isiwe na mstari mmoja wa Kiswahili usemao "usile balungi"? Neno tunalo. Liko kwenye kamusi, liko sokoni, liko mdomoni mwa Baba kila alfajiri akiuliza bei. Tena kuna watu huona Kiswahili ni somo la kupita mtihani tu.

Jioni ile ya ugomvi niliichukua karatasi nikaisoma kwa utaratibu, kamusi mkononi. Nilipofika hapo nikainua macho, nikaona maganda matatu ya balungi kwenye beseni la taka.

Habari ya balungi na dawa iligunduliwa kwa bahati. Mwaka wa 1989, mjini London, ule wa Ontario nchini Kanada, mtafiti David Bailey na wenzake walikuwa wakipima kama pombe huathiri felodipini, dawa ya shinikizo la damu. Ili washiriki wasitambue nani kapewa pombe, walihitaji kitu chenye ladha kali cha kuificha, wakachagua maji ya balungi. Matokeo yakawashangaza: dawa katika damu ilipanda kupita walivyotarajia, hata kwa wale ambao hawakuwa wamepewa pombe. Mwenye hatia alikuwa lile tunda. Walichapisha ugunduzi huo mwaka wa 1991.

Kinachotokea nitakieleza kwa lugha ya mtaani, maana mwalimu wetu wa Biolojia alikieleza kwa lugha ya ubao na nusu ya darasa ikasinzia. Kwenye kuta za utumbo kuna kimeng'enya kiitwacho CYP3A4. Kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni kabla havijaingia kwenye damu. Mfikirie mchuuzi wa mitumba anayejua kwamba kanjo watamnyang'anya nguo nyingi njiani. Anafunga mzigo wa nguo mia moja akijua zitakazofika ni tano. Waliopanga kipimo cha simvastatini wamefanya hesabu hiyohiyo, kwani kwa kawaida chini ya asilimia 5 ya kidonge ndiyo huvuka utumbo na ini na kuingia kwenye mzunguko wa damu ikiwa dawa kamili. Sasa balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo humlaza yule kanjo. Mzigo unapita. Glasi moja kwa siku inatosha kuipandisha dawa hiyo katika damu mara kadhaa. Ni kana kwamba Baba alikuwa akimeza vidonge vingi na kuhesabu kimoja.

Dawa ikizidi hivyo, misuli ndiyo huumia. Kwa wengi ni maumivu na uchovu tu. Kwa wachache misuli huanza kubomoka, mabaki yake yakaenda kuziba figo, na mkojo ukatoka mweusi kama turungi. Huyo hangoji kesho. Anapelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Wapo waliotuambia, "Si Baba yenu anakunywa balungi asubuhi na dawa jioni? Zinakutania wapi?" Swali zuri. Jibu ni kwamba kanjo wa utumboni halali usingizi wa saa moja. Kile kimeng'enya huharibiwa kabisa, na mwili lazima utengeneze kipya, kazi ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo kuachanisha saa hakusaidii. Nao ukoo wa michungwa haufanani wote. Chungwa tamu la kawaida halina neno. Furungu na danzi, ambavyo jamaa zetu wa Pwani wanavijua zaidi, vina kemikali hizohizo. Statini pia hazifanani. Simvastatini na lovastatini ndizo zinazoathirika sana, atovastatini kwa kiasi, lakini rosuvastatini na pravastatini hupita njia nyingine na hazina ugomvi na balungi.

Mama alimpeleka Baba kliniki asubuhi iliyofuata. Nasema alimpeleka, kwa maana Baba angeenda Kamukunji. Muuguzi wa pale, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ndiye mtu wa kwanza aliyemuuliza, "Mzee, asubuhi huwa unakunywa nini?" Baba akajibu kwa fahari: balungi. Muuguzi akaweka kalamu chini. Wakapima kimeng'enya kinachovuja kwenye damu misuli inapoumia, kikawa juu ingawa si kwa kiwango cha kutisha; figo zilikuwa salama. Daktari alisimamisha vidonge kwa wiki chache, akapiga marufuku balungi, kisha misuli ilipotulia akamwanzishia rosuvastatini. Alimkanya jambo moja zaidi, kwa sababu Baba ni mtu wa kiungulia: zile dawa za kiungulia zenye aluminiamu na magnesi zingoje saa mbili baada ya kidonge, ama zitakizuia kuingia mwilini. Yaani balungi huzidisha dawa, na hizi hupunguza!

Lakini msidhani vita viliisha hapo. Vilihamia jikoni.

Mjomba alikuja Jumapili, akasikia habari zote, akatoa hoja yake ya siku zote: Wamaasai hunywa maziwa na damu na kula nyama, mbona hawana lehemu? Nikapata nafasi ya kujibu kwa heshima, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Ni kweli wachunguzi walishangaa. Mapema miaka ya 1960, A. G. Shaper wa Makerere aliwachunguza Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, na Mmarekani George Mann akawachunguza Wamaasai wa Tanganyika, na wote walikuta lehemu ya chini katika damu. Lakini Mann alipochapisha mwaka wa 1972 uchunguzi wa mishipa ya Wamaasai waliofariki, mafuta yalikuwamo ukutani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapata pa kupita. Tena ni watu waliotembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe. Mama akadakia kutoka jikoni: "Na wewe, shemeji, unatembea? Kutoka kiti hadi matatu!"

Kinachonivutia zaidi ni kilichotoka Mulago, Kampala. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka wa 1929, na katika miaka hiyo ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa adimu sana kwa Waafrika, hata mwaka wa 1956 mgonjwa mmoja tu akawa habari ya kuandikiwa makala ya kitabibu. Yeye na daktari mwenzake wa Mulago, Denis Burkitt, waliamini kwamba siri ilikuwa kwenye makapi ya chakula, zile nyuzinyuzi za nafaka, maharagwe na mboga. Mwaka wa 1975 wakaiambia dunia hivyo kwa kitabu. Si yote waliyoyasema yamesimama, lakini nyuzi laini za maharagwe, ndengu na shayiri kweli hukamata nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini hulazimika kutumia lehemu kutengeneza nyongo nyingine. Githeri ya shule, ambayo kila muhula tunailalamikia, ni msaidizi wa kidonge. (Najua nitapigwa makelele bwenini kwa sentensi hiyo.)

Hapo pia kuna kijambo. Makapi mengi sana yakiliwa pamoja na lovastatini yanaweza kuizuia isiingie vizuri mwilini. Hilo halina maana watu waache maharagwe. Wale mchana, kidonge kingoje usiku.

Kwenye ploti yetu ilienea habari nyingine kwamba "watu wa moyo" wamekatazwa sukuma wiki. Mama akaanza kupika kabeji kwa wasiwasi, ikabidi tufuatilie. Kumbe chanzo ni jirani yetu anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sukuma na mchicha vina vitamini K kwa wingi, nayo hupingana na wafarini, kwa hiyo yeye hutakiwa ale kiasi kilekile kila wiki, asile kidogo leo na rundo kesho. Hata yeye hakuambiwa aache. Na kwa statini, sukuma haina kesi yoyote. Dawa mbili, sheria mbili, mdomo mmoja wa mtaa ukazichanganya.

Chapati ndiyo iliyoleta kelele. Baba alidhani kidonge kimemnunulia ruhusa: mutura jioni, kidonge usiku, mambo sawa. Daktari alikataa. Statini hufunga mfereji wa ini, lakini mtu akiendelea kumimina mafuta ya nyama na mafuta ya mgando kwa mdomo, dawa inafanya kazi ya punda. Mama aliacha mafuta ya mgando na sasa hununua ya maji, yale ya kupima dukani. Chapati ikawa Jumapili pekee, mbili kwa mtu. Baba aliila ya kwanza akaitazama pande zote mbili, akasema hata ndoo zake zina mafuta zaidi. Lakini aliimaliza.

Mwezi wa Novemba alipimwa tena: 4.8. Miguu imerudi, nyundo inarushwa.

Siku hizi juu ya kila pakiti mpya ya dawa nyumbani kwetu pana maandishi ya kalamu ya rangi, ileile inayoandika majina kwenye masanduku yenu: BALUNGI HAPANA. Tulimweleza Baba kwamba dawa yake ya sasa haina shida na tunda hilo. Akasema haamini, na kwamba hata hivyo hataki kuliona.

Juzi alizunguka Kamukunji akiwauliza mafundi wenzake vidonge wanavyomeza. Aliwapata watatu. Wawili walikuwa na dawa za aina nyingine. Wa tatu ni yuleyule jirani yake wa limau na sufuria: mfukoni ana simvastatini, mwaka wa pili sasa, na kwenye benchi lake, kando ya patasi, balungi lililokatwa nusu. Alisema miguu haimsumbui, ila usiku tu. Ameahidi kwenda kliniki Jumatatu, na Baba amemwambia atamsindikiza mwenyewe.